Kompyuta Mpakato ya Kuhariri Picha: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua kwa Fedha ya Mkopo

Studio ya picha ni miongoni mwa biashara zinazopendwa na vikundi vya vijana na wanawake katika kata zetu, na sababu zake zinaeleweka. Picha za pasipoti huhitajika mwaka mzima, shule zina mahafali, makanisa yana ubatizo na kipaimara, na harusi hazikosekani. Kamera mara nyingi ipo tayari mikononi mwa mwanakikundi mmoja. Kinachobaki ni kompyuta ya kuhariria picha, na hapo ndipo fedha hupotea kwa urahisi. Mnunuzi huoneshwa mashine yenye umbo jembamba na stika za kuvutia, akalipa, kisha akaja kugundua kwamba haiwezi kufungua picha kumi kwa pamoja bila kuganda.

Jambo hili linaihusu Halmashauri moja kwa moja. Kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, baada ya kuondoa mapato lindwa, kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini una marejesho, na marejesho hayo ndiyo yanayokopeshwa kwa kikundi kinachofuata. Studio ambayo kompyuta yake imekwama katika wiki ya harusi hukosa fedha ya mwezi ule, na kikundi kinachosubiri zamu yake huendelea kusubiri.

Uzito wa picha moja

Ili kujua kompyuta gani inafaa, ni vema kwanza kujua kazi inayoisubiri. Kamera nyingi zinazotumika katika studio hupiga picha za megapikseli 24, yaani nukta 6,000 kwa upana na nukta 4,000 kwa urefu, jumla nukta milioni 24. Kila nukta hubeba vipimo vitatu vya rangi: nyekundu, kijani na bluu. Faili ya JPEG iliyomo kwenye kadi ya kamera huweza kuwa na megabaiti 10 tu, kwa sababu imebanwa. Ikifunguliwa katika programu ya kuhariri hukunjuliwa yote, na ile ile huchukua megabaiti 72 za RAM. Mhariri akifanya kazi kwa ubora wa juu zaidi wa rangi, unaoitwa biti 16, inakuwa megabaiti 144. Akiongeza matabaka, moja la kusafisha ngozi, jingine la kubadili mandhari ya nyuma, jingine la mwanga, picha moja ya bibi harusi yenye matabaka matano kamili hufikia megabaiti 720.

RAM ni sawa na meza ya kazi. Ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, na hapo ndipo mshale hugeuka kuwa duara linalozunguka huku mteja akiwa amesimama mlangoni. Windows peke yake, ikiwa na kivinjari cha intaneti kilichofunguliwa, hutumia sehemu kubwa ya RAM ya gigabaiti 4. Kwa hiyo kompyuta yenye gigabaiti 4, hata ikiwa mpya kabisa ndani ya boksi lake, si ya kazi hii. Gigabaiti 8 ni kiwango cha chini. Adobe, watengenezaji wa Photoshop, nao hutaja 8 kuwa kiwango cha chini na kupendekeza 16. Ushauri wetu ni gigabaiti 16, au 8 katika mashine inayoruhusu kuongezwa baadaye.

Si kila mashine huruhusu. Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 na HP EliteBook 840 G5 zina nafasi mbili za RAM, na fundi huweza kuongeza kwa muda mfupi. MacBook Air, pamoja na nyingi ya kompyuta nyembamba sana, RAM yake imechomelewa. Utakachonunua siku ya kwanza ndicho utakachobaki nacho.

Kuhusu diski hatutakawia. Chukua SSD, wala usikubali kushawishiwa na diski ya kizamani inayozunguka kwa sababu tu ni ya terabaiti moja. SSD ya kawaida husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, ilhali ile inayozunguka husoma kati ya 100 na 150, na hushuka sana inapotafuta faili ndogo zilizotawanyika. SSD ya gigabaiti 256 hutosha kwa kazi iliyopo mezani. Hata hivyo harusi moja yenye picha 1,500 za faili ghafi, kila moja ikiwa na megabaiti 25, huchukua takriban gigabaiti 37. Harusi tano, na diski imekaribia kujaa. Diski ya nje ya kuhifadhia kazi zilizokamilika haiepukiki, na hapo ndipo ile inayozunguka inapofaa, kwa kuwa ni nafuu na haina haja ya kasi.

Jina la prosesa lisikuchanganye

Wauzaji wengi hutaja i5 au i7 kana kwamba hayo ndiyo majibu yote. Kinachotakiwa kusomwa ni tarakimu zinazofuata. Prosesa ya Intel iitwayo i7-7600U ni ya kizazi cha 7 na ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Ile iitwayo i5-8250U ni ya kizazi cha 8, nayo ina viini vinne. Kwa kazi ya kuhariri picha hiyo i5 huishinda i7, ingawa dukani huenda ikauzwa kwa bei ya chini. Kwenye i5-1135G7 tarakimu mbili za mwanzo ndizo za kizazi, yaani cha 11.

Kizazi cha 8 kina umuhimu mwingine. Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Mwenye studio hupokea flashi za wateja kutwa nzima, na kila flashi ni mlango wa virusi. Kompyuta isiyopata masasisho katika mazingira hayo ni hatari kwa picha za watu waliokuamini.

Kioo ndicho kinachosahaulika

Tumeona andiko la mradi likitaja RAM, diski na prosesa kwa usahihi, lakini kuhusu kioo likaandika inchi tu. Kwa kazi nyingine hilo lingetosha. Kwa picha, kioo ndicho jicho la mhariri, na jicho likidanganya, mkono hufuata.

Kompyuta nyingi za bei nafuu zina kioo cha aina ya TN. Ukikitazama kutoka juu picha hufifia, ukikitazama kutoka chini huwa nyeusi; hivyo mhariri akibadili tu namna alivyokaa, picha inabadilika machoni pake. Kioo cha aina ya IPS hubaki vilevile ukikitazama kutoka pembe yoyote. Njia ya kuvitofautisha haihitaji utaalamu: fungua picha ya mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa nguo nyeupe, kisha inamisha kioo mbele na nyuma taratibu. Mikunjo ya shela ikipotea, au uso ukigeuka kivuli kisichoonesha macho, achana na mashine hiyo.

Ipo pia habari ya rangi. Simu nyingi, tovuti na maabara za kuchapisha picha hutumia kipimo cha rangi kiitwacho sRGB. Vioo vingi vya kompyuta za ofisini, hata vya IPS, huonesha takriban theluthi mbili tu ya rangi hizo. Matokeo yake ni haya: mhariri huona khanga nyekundu imepauka, huongeza rangi mpaka imridhishe, kisha picha hurudi kutoka maabara nyuso zikiwa za rangi ya chungwa. Unapouliza dukani, taja sRGB na udai kioo kinachokaribia asilimia 100. Ukikosa, na ikiwa kazi hufanyikia studioni, kioo cha mezani cha IPS kilichotumika huunganishwa kwa waya wa HDMI, nacho mara nyingi huwa bora kuliko cha kompyuta yenyewe. Binafsi naona hiyo ndiyo njia ya busara zaidi kwa kikundi chenye fedha kidogo.

Ukali wa mwanga nao uangaliwe. Picha zikitoka maabara zikiwa na giza kila mara, kwa kawaida kosa liko kwenye kioo kilichowekwa mwanga mkali kupita kiasi. Weka picha iliyochapishwa kando ya kioo, mahali penye mwanga wa kawaida, upunguze mwanga wa kioo mpaka vifanane.

Mpya au iliyotumika

Kwa bajeti ndogo, kompyuta ya kiofisi iliyotumika miaka michache mara nyingi hufaa kuliko mpya ya bei ya chini. Aina tatu tulizozitaja zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni: hufunguka kwa skrubu za kawaida, vipuri vyake vinapatikana, na mafundi wetu wanazijua. Mpya ya bei ya chini mara nyingi huja na RAM ya gigabaiti 4 iliyochomelewa na kioo cha TN. Lakini mtumba una mashaka yake, na mashaka hayo huondolewa dukani, kabla fedha haijabadili mikono.

Washa mashine na uiunganishe na intaneti ya simu yako. Zipo kompyuta zilizokuwa mali ya makampuni ya nje ambazo bado zimesajiliwa kwao: Windows ikisakinishwa upya na kuunganishwa mtandaoni, hudai akaunti ya mfanyakazi wa kampuni hiyo, na fundi hana njia halali ya kuifungua. Mwambie muuzaji airudishe katika hali ya kiwandani mbele yako. Atanung'unika, lakini mwache anung'unike. Hakikisha vilevile kwamba BIOS haina nywila.

Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, ufungue sehemu ya utendaji. Hapo utaona kiasi halisi cha RAM na idadi ya nafasi zilizotumika. Kwa betri, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza taarifa inayoonesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ukiwa chini ya asilimia 70, ingiza gharama ya betri mpya katika mapatano ya bei. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo huonesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi.

Mwisho wa ukaguzi, fungua picha zako mwenyewe ishirini kutoka kwenye flashi, uzifanyie kazi kwa dakika kumi na tano huku ukisikiliza feni. Mashine iliyojaa vumbi hupata joto na kujipunguzia kasi yenyewe, na jambo hilo halionekani katika dakika mbili za mwanzo. Dai risiti ya EFD yenye namba ya utambulisho wa mashine, na dhamana iwe kwa maandishi, hata kama ni ya mwezi mmoja.

Kugawa fedha

Tuchukulie kikundi kimetenga shilingi 900,000 kwa ajili ya kompyuta. Kosa la kawaida ni kuzimaliza zote kwenye mashine. Ni afadhali mashine ichukue 600,000, na zinazobaki zigawanywe kati ya RAM ya kuongeza, diski ya nje na kifaa cha kukinga umeme unaopanda na kushuka. Bei hubadilika, lakini mgao wa theluthi mbili kwa moja unafaa kushikiliwa.

Programu isiingie katika gharama hizo bila sababu. Photoshop hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, na nakala za wizi zinazouzwa kwa flashi hubeba virusi mara nyingi. GIMP, inayotengenezwa tangu miaka ya 1990, hutosha kwa picha za pasipoti, kusafisha ngozi na kubadili mandhari. Kwa faili ghafi zipo darktable na RawTherapee. Zote tatu ni za bure kihalali, hata kwa biashara. Zinahitaji kujifunza kwa wiki kadhaa, na wiki hizo ziwekwe katika mpango wa kikundi kabla marejesho hayajaanza.

Kikundi kinachoandaa andiko la mradi wa studio kinashauriwa kutoishia kuandika "kompyuta moja". Kiandike kizazi cha prosesa, RAM na nafasi zake, aina na ukubwa wa diski, aina ya kioo na kiwango chake cha sRGB, kisha kiambatishe bei za maduka yasiyopungua mawili. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata hupokea maandiko hayo katika ofisi ya kata siku za kazi, na ni vema kumpelekea rasimu mapema ili marekebisho yafanyike kabla ya maombi kuwasilishwa.