Mcheza Kwao Hutuzwa: Safari za Klabu Ndogo Inayoutumikia Mtaa

Mtu anayeijua timu ya kandanda kwa zile dakika 90 za uwanjani peke yake, akaishangilia inaposhinda na kuilaumu inaposhindwa, hajaijua ila nusu. Na nusu iliyobaki, ambayo kwa klabu za madaraja ya chini aghalabu ndiyo kubwa zaidi, huonekana barabarani na mitaani, mahali ambapo hapana kamera wala mdhamini, na ambapo mchezaji hupimwa kwa tabia yake kabla ya kupimwa kwa mguu wake.

Nchini Kenya, timu ya daraja la pili inayotoka Nairobi kwenda kucheza Kisumu husafiri kwa basi la kukodi, ikaondoka alfajiri, ikateremka Bonde la Ufa, ikapita Naivasha na Nakuru, ikapanda hadi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, ndipo ishuke tena kuingia katika joto la ziwani. Na ikiwa mechi ni ya Mombasa, basi ni mwendo wa kilomita zipatazo 480 kwa njia ya Mtito Andei na Voi. Mabegi ya jezi hujazana baina ya viti, mwenye njumu zilizopasuka huazima za mwenzake aliyeumia, na meneja hukaa mbele akihesabu na kuhesabu tena fedha ambazo ni lazima zitoshe mafuta, chakula na posho. Anayefuatana na timu ya namna hiyo hana budi kujiuliza ni kitu gani kinachowafanya vijana hawa wavumilie taabu yote hiyo, ilhali mshahara ni mdogo na umaarufu uko mbali. Na jibu lililo bora kupita yote, kwa maoni yangu, lilipatikana zamani katika mtaa mmoja wa Nairobi ambao wengi waliuhesabu kuwa hauna cha kumfundisha mtu.

Mtaa huo ni Mathare, bonde la vibanda vya mabati lililo kaskazini-mashariki ya kitovu cha jiji. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akishughulikia mambo ya mazingira na maendeleo, aliwaona watoto wa huko wakicheza kwa mpira walioufunga wenyewe kwa makaratasi na kamba, akafanya nao mapatano yaliyokuwa mepesi kuyasema na adhimu kuyatimiza: wao wausafishe mtaa wao, naye awasaidie kupata ligi yenye mipira na waamuzi. Hakuwapa sadaka, wala wao hawakuiomba. Kutokana na mapatano hayo kilizaliwa chama cha Mathare Youth Sports Association, kijulikanacho kwa kifupi kama MYSA, ambacho baadaye kiliwakusanya vijana zaidi ya 20,000, wavulana kwa wasichana, kikiendeshwa na vijana wenyewe kwa kuchaguana.

Hekima ya chama hiki iko katika kanuni zake, kwa kuwa hakikuiacha khidma iwe jambo la hiari la kufanywa siku ya sherehe ili watu wapigwe picha, bali kiliiandika ndani ya msimamo wa ligi. Timu iliyotimiza zamu yake ya kusafisha, ikazibua mitaro iliyojaa maji machafu na kuzoa takataka ambazo magari ya jiji hayakuwa yakifika kuzichukua, ilipewa alama 6, yaani thamani ya ushindi wa mechi mbili. Na timu isiyotokea na majembe yake ilijikuta nyuma ya wale iliowafunga uwanjani. Hivyo mtoto alijifunza mapema kwamba kipindupindu na homa ya matumbo ni wapinzani kama walivyo wapinzani wa Jumamosi, na kwamba bao moja linaweza kufungwa kwa toroli.

Kadhalika adabu za mchezo zilitiliwa mkazo kwa njia ambayo hata ligi kubwa zingefaa kuiiga. Haikuruhusiwa mtu kusema na mwamuzi isipokuwa nahodha. Mchezaji aliyeonyeshwa kadi nyekundu hakuruhusiwa kurejea kikosini mpaka awe amechezesha mechi za watoto, apate kuonja mwenyewe uchungu wa kupuliza filimbi mbele ya wabishi. Na yule aliyeonyesha uungwana kupita wenziwe alipewa kadi ya kijani. Fauka ya hayo, saa ambazo kijana alizitoa kufundisha wadogo, kuchezesha mechi au kusafisha zilihesabiwa, na waliotangulia katika hesabu hiyo walipata msaada wa karo, ambao ulipelekwa moja kwa moja shuleni. Tangu mwaka 1994 vijana hao hao wakaanza kuwafundisha wenzao habari za Ukimwi, katika zama ambazo watu wazima wengi walikuwa wakiona haya kulitaja jina lake.

Ni katika mwaka huo huo wa 1994 ambapo chipukizi waliopea walikusanywa katika klabu ya Mathare United, ikaanza safari yake kutoka chini. Wachezaji wake, hata walipoanza kulipwa, hawakufunguliwa kutoka katika ahadi ya utotoni: waliendelea kufundisha watoto, kuzungumza na rika lao na kusafisha mitaa, na kijana waliyemwona Jumapili akitoa jasho mbele ya watazamaji, watoto wa Mathare walimwona tena katikati ya wiki akiwapanga foleni kwa ajili ya mazoezi.

Wapo wasemao kwamba kazi za namna hii humla mchezaji nguvu na kumwibia muda wa mazoezi. Hoja hiyo ina sura ya kweli, lakini historia imekwisha ijibu. Mwaka 1998, wakiwa bado daraja la pili, Mathare United walitwaa Kombe la Moi, wakalitwaa tena mwaka 2000, na mwaka 2008 wakawa mabingwa wa Kenya chini ya kocha Francis Kimanzi, aliyelelewa na MYSA yenyewe. Dennis Oliech, aliyepitia klabu hiyo kabla ya kwenda kucheza Qatar na kisha Ufaransa, alikuwa miongoni mwa waliofunga siku Kenya ilipoilaza Burkina Faso mabao 3-0 huko Tunisia, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2004. Toroli halikuwapunguzia kasi.

Na safari zao hazikukoma katika viwanja vya nyumbani. Vijana wa MYSA walikwenda Oslo kushindana katika mashindano ya Norway Cup. Mwaka 1992 chama chao kikatunukiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira kwa kazi ya kusafisha. Na wengine wakaishika njia ndefu ya Turkana hadi kambi ya Kakuma, wakawasaidie vijana wakimbizi kuanzisha ligi zao wenyewe. Lililosafiri pamoja nao ni ile kanuni, kwani fedha hawakuwa nazo nyingi za kubeba.

Sisemi kuwa khidma ni kinga ya kila msiba wa klabu. Mathare United nao walikuja kuonja machungu ya kushuka daraja, kwa kuwa uhaba wa wadhamini hauchagui mwema na mwovu. Lakini klabu iliyojengwa juu ya mtaa wake, ikishuka, ina pa kuangukia na pa kuinukia, kwa sababu watoto inaowafundisha leo ndio kikosi chake cha miaka kumi ijayo, na wazazi wao ndio watakaojaza viti hata timu iwe mkiani. Ilhali klabu iliyojengwa juu ya hundi ya tajiri mmoja au shirika moja, hundi ikikoma, nayo hukoma, na majina ya klabu zilizokufa kwa namna hiyo katika Afrika Mashariki ni mengi.

Kwa hiyo rai yangu kwa mashirikisho ya kandanda ya Kenya, Tanzania na Uganda, na kwa vyama vya wilaya na kaunti vinavyoendesha ligi za chini, ni kwamba wasiridhike na kuziomba klabu zitoe zawadi hospitalini siku za sikukuu, bali waiweke khidma katika kanuni za mashindano, wakiihesabu kwa alama kama wanavyoyahesabu mabao, wakianzia ligi za watoto ambako gharama yake ni majembe, mafagio na mtu mmoja mwaminifu wa kuandika daftari. Jambo hili limekwisha jaribiwa mahali penye dhiki kuliko mahali pengi, nalo likafaulu. Waliobaki hawana udhuru.