Modafinili

Modafinili, inayouzwa kwa jina la chapa Provigil miongoni mwa mengine, ni dawa inayomsaidia mtu kukaa macho. Hutolewa kwa cheti cha daktari na humezwa kama kidonge. Hutumika hasa kutibu narkolepsi, ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu asinzie mchana bila kutaka, hata akiwa anaongea au anakula. Nchini Marekani imeidhinishwa pia kwa wanaosinzia kutokana na kazi za zamu na kwa wenye ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini.

Matumizi

Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 200 kwa siku, asubuhi. Mfanyakazi wa zamu humeza saa moja kabla ya kuingia kazini. Huchukua takriban saa 15 mwili kupunguza dawa hiyo hadi nusu, hivyo ikimezwa jioni huweza kumnyima mtu usingizi wa usiku.

Modafinili huzuia kusinzia, lakini haitibu chanzo chake wala haichukui nafasi ya kulala. Mgonjwa anayekatika pumzi usingizini bado huhitaji tiba ya ugonjwa wenyewe, kwa mfano mashine ya kusukuma hewa kupitia puani.

Madhara

Madhara ya kawaida ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, wasiwasi, kizunguzungu na kukosa usingizi. Baadhi ya watu hupandwa na shinikizo la damu au moyo huwaenda mbio. Mara chache hutokea upele mkali wa ngozi, ukiwemo ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambao unaweza kuua. Mtu akitokwa na upele, vidonda mdomoni au malengelenge, anapaswa kuacha dawa na kwenda hospitali mara moja. Wengine huona au kusikia vitu visivyokuwepo. Matumizi mabaya na utegemezi vinaweza pia kutokea.

Dawa hii hulifanya ini livunje homoni za uzazi wa mpango haraka zaidi. Kwa hiyo vidonge, vijiti na njia nyingine za homoni huweza kushindwa kuzuia mimba, hata kwa mwezi mmoja au miwili baada ya kuacha modafinili. Hatari ni kubwa zaidi kwa sababu dawa yenyewe imehusishwa na kasoro za kuzaliwa kwa watoto, na haipendekezwi wakati wa ujauzito. Kondomu au kitanzi cha shaba haviathiriwi nayo.

Historia

Modafinili ilitengenezwa Ufaransa na kampuni ya Lafon. Ilitokana na adrafinili, dawa ya awali ambayo mwili huigeuza kuwa modafinili. Iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1998. Mwaka 2010 Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza itumike kwa narkolepsi pekee, likiona kwamba katika magonjwa mengine hatari zake zinazidi faida. Wanariadha wamekatazwa kuitumia wakati wa mashindano.