MAFUA NYUMBANI: TANGAWIZI NA SAA YA UKUTANI

Baridi ya Juni hadi Agosti inapotanda Njombe, Mbeya na Lushoto, ni nyumba chache zinazokosa mafua. Mtoto akipiga chafya leo, keshokutwa ni zamu ya baba. Mafua huletwa na virusi, na virusi haviuawi na antibayotiki. Anayekimbilia kununua kapsuli dukani anapoteza fedha bure. Kwa kawaida mwili huyashinda wenyewe. Kazi yetu ni kumpunguzia mgonjwa karaha, na vifaa viko jikoni.

Chukua tangawizi mbichi yenye ukubwa wa kidole gumba, ioshe na kuitwanga. Itie katika vikombe vinne vya maji pamoja na majani machache ya mchaichai, uchemshe kwa dakika 10 huku umefunika sufuria ili harufu isipotee. Epua, chuja, acha ipoe kiasi cha kunyweka, ndipo ukamulie nusu limau na kutia asali. Wengine huongeza pilipili manga. Kwa watoto mimi naona inawasha tu. Mume wangu hudai kikombe cha pili hata akiwa mzima.

Kwa kikohozi cha usiku, mtoto aliyetimiza mwaka apewe kijiko kimoja cha chai cha asali kabla ya kulala. Chini ya mwaka usimpe kabisa, hata ya kulamba kidoleni, kwani asali yaweza kuwa na vijidudu ambavyo sumu yake hulegeza misuli ya kichanga hata ashindwe kupumua. Najua bibi zetu waliwalambisha. Kichanga anyonye mara kwa mara, na pua iliyoziba itiwe matone ya maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai, bila kilima, katika robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa.

Kujifukiza majani ya mikaratusi, kulikovuma sana mwaka 2020 wakati wa korona, tuwaachie watu wazima. Sufuria ya moto na mtoto asiyetulia chini ya blanketi moja! Kuungua ni kubaya kuliko mafua.

Sasa tazama saa. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua na uhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, huenda ni nimonia. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Hapo antibayotiki ina kazi. Kifua kikibonyea chini ya mbavu avutapo pumzi, akishindwa kunyonya, akipata degedege au usingizi usioamshika, usingoje kupambazuke. Chai iache jikoni, chukua kadi ya kliniki, mwamshe jirani mwenye gari au pikipiki.