Kasha la alumini: linunue kwa ajili ya chumvi, si kwa ajili ya joto

Muuzaji wa vifaa vya kompyuta akikutolea kasha la alumini, sifa ya kwanza atakayoitaja ni kwamba litapoza mashine. Kwa kijana wa Tanga au Mombasa aliyedunduliza fedha ili ajiundie kompyuta ya gemu, na ambaye usiku wa Februari hulala akitokwa jasho, maneno hayo huingia moyoni upesi. Si ya kweli, na kwa kuwa kasha la alumini tupu huuzwa ghali kuliko la chuma, anastahili kuambiwa mapema.

Kwamba alumini hupitisha joto kuliko chuma, hilo halina ubishi. Ndiyo maana sufuria zetu nyingi ni za alumini. Lakini sufuria imekaa juu ya moto. Kasha haligusi prosesa wala kadi ya picha. Joto hutoka kwenye chipu, likapanda kwenye mapezi ya kupozea, kisha likachukuliwa na hewa inayosukumwa na feni. Hewa hiyo ikitoka, joto limetoka. Yako makasha machache, kama DB4 la Streacom, ambayo mabomba yake ya shaba hupeleka joto moja kwa moja hadi kwenye kuta nene za alumini, bila feni hata moja. Hayo yalikusudiwa prosesa za wati 65 hivi. Kadi ya RTX 4090 ya Nvidia peke yake hufika wati 450, na mzigo wa namna hiyo hauondolewi na ukuta.

Basi kabla hujauliza madini, tazama uso wa mbele wa kasha. Kama ni kioo kizima au bati lisilo na upenyo, na pembeni hakuna pa hewa kuingilia, liache, hata likiwa limeng'arishwa vipi. Tafuta wavu, wenye nafasi ya feni mbili au tatu za milimita 120 au 140, na feni moja ya kutolea hewa nyuma. Inayoingia iizidi kidogo inayotoka, ili vumbi lilazimike kupita kwenye vichujio badala ya kujipenyeza kwenye kila ufa. Hapa alumini ina kero yake: vile vichujio vinavyonata kwa sumaku havishiki juu yake.

Sababu ya kweli ya kulipia alumini iko baharini. Makasha mengi ya chuma hutengenezwa kwa bati lililopakwa zinki, kisha likakatwa na kutobolewa. Palipokatwa, chuma hubaki wazi. Nairobi au Dodoma pengine usione tofauti kwa miaka mingi. Lakini nyumba iliyo karibu na ufuo, inayofungua madirisha usiku ili kupata upepo wa kusi, huingiza chumvi pamoja na unyevu, na feni huvuta mchanganyiko huo ndani ya kasha saa zote mashine inapowaka. Kutu huanza kwenye kingo za matundu na kwenye vichwa vya skrubu, ikaenda chini ya rangi, rangi ikainuka. Alumini yenyewe ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba unaoilinda. Ikipigwa anodaizi, yaani ikitumbukizwa kwenye tindikali na kupitishiwa umeme, utando huo huwa mnene na mgumu zaidi. Madirisha ya alumini yanayochukua nafasi ya vyuma katika nyumba za pwani yanapendwa kwa sababu iyo hiyo.

Nayo si madini yasiyokufa. Skrubu ya chuma ikibana alumini iliyochunika, na unyevu wa chumvi ukakaa kati yao, alumini hulika pembeni mwa skrubu na kutoa unga mweupe. Kitambaa kikavu na uangalizi wa mara kwa mara vinatosha kuliwahi hilo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: aliye bara anunue kasha la chuma lenye wavu mzuri, fedha iliyobaki aitie kwenye feni. Aliye pwani, na anayetaka kasha litakalobadilishiwa ubao mama mara mbili au tatu, analipia alumini kwa haki kabisa.

Ila ahakikishe ni alumini kweli. Lian Li ya Taiwan ilijijengea jina kwa makasha ya alumini tupu, lakini hata O11 Dynamic yake maarufu ya mwaka 2018 ni mchanganyiko wa chuma, kioo na alumini. Nenda dukani na sumaku ndogo, uipitishe kwenye kuta, kwenye fremu ya ndani na kwenye sahani inayobeba ubao mama. Ikinata, hapo ni chuma. Makasha mengi ya "alumini" huwa na alumini usoni tu.

Vipimo usivipuuze: ubao wa ATX ni milimita 305 kwa 244, na RTX 4090 ya Nvidia yenyewe ina urefu wa milimita 304, hivyo acha nafasi ya feni za mbele na ya nyaya. Skrubu zifungwe kwa bisibisi ya mkono, si ya umeme. Alumini ni laini, na meno ya tundu yakiisha hayarudi.

Liko pia jambo la umeme ambalo wauzaji hawalisemi. Pawasaplai ina vipengele vya kuchuja umeme vinavyotegemea waya wa ethi. Nyumba isiyo na ethi, au soketi iliyochokonolewa kwa kalamu ili iingie plagi ya miguu miwili, huliacha kasha likielea karibu na nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo, lakini ukigusa skrubu au palipokwaruzika ukiwa peku, utausikia ukikutekenya. Utando wa anodaizi hauupitishi umeme, hivyo unaweza kukuficha tatizo hilo mpaka siku utakapokwaruzika. Kubadilisha kasha hakutibu chochote hapo. Muite fundi umeme apime ethi ya chumba kabla mashine haijawashwa.