Mtambue Chungu Kabla ya Kumpulizia Dawa

Mvua za masika na za vuli zinapolowesha ardhi, chungu huhama viota vyao na kutafuta pakavu. Kaya nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Bunju na Mabwepande katika Manispaa ya Kinondoni, au Chamazi na Toangoma katika Manispaa ya Temeke, hulijua vyema jambo hili. Wengi hukimbilia dawa. Tunakushauri umtambue mdudu kwanza.

Namna ya kuwatambua

*Sungusungu* ni weusi na wakubwa, nao huishi ardhini. Baadhi yao huchoma kwa mwiba ulio mwishoni mwa tumbo na kuingiza sumu.

*Maji moto* ni wekundu wa hudhurungi. Huunganisha majani ya mwembe au mnazi kuwa kiota. Hawana mwiba: hung'ata, kisha hutia tindikali kwenye jeraha. Usiwaangamize bila sababu, kwani hufukuza kunguni wa minazi wanaoangusha nazi changa.

*Siafu* hutembea kwa misafara na kukata kwa taya. Ondoa watoto wachanga, wagonjwa na kuku waliofungiwa, kisha uwaache wapite. Njiani hula mende na wadudu wengine.

*Sisimizi* wadogo wa jikoni kwa kawaida huwa kero tu.

Kinga

- Funika sukari na vyakula, na utupe taka kila siku.
- Ziba nyufa za kuta na sakafu kwa saruji.
- Kata matawi yanayogusa paa.
- Simamisha miguu ya kabati la chakula ndani ya makopo ya maji, na uyabadilishe maji hayo mara mbili kwa wiki ili mbu wasizaliane.
- Mwagia kiota cha sungusungu maji yanayochemka, ukirudia kwa siku kadhaa. Watoto wakae mbali.

Ukiumwa

Ondoka mahali hapo, wapanguse chungu, osha kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa chenye maji baridi. Usipake mafuta ya taa. Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana au mtu akiona kizunguzungu, mfikisheni hospitali mara moja. Hiyo ni dalili ya mzio mkali, nao huweza kuua hata mtu ambaye awali alivimba kidogo tu.

Ukilazimika kununua dawa

Nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kikiwa katika chombo chake cha asili chenye lakiri na lebo inayosomeka. Kataa dawa iliyopimwa na kutiwa kwenye chupa ya soda au ya maji: hujui ni sumu gani, na mtoto aweza kuinywa akidhani ni kinywaji. Dawa ya shambani isitumike chumbani. Maumivu ya chungu mara nyingi hupoa kwa siku chache, bali sumu iliyowekwa ovyo huweza kuondoka na uhai.