Chujio la Maji la Nano: Wananchi Waulize Nini Kabla ya Kununua?

Kwa mkazi wa Bukene, wilayani Nzega mkoani Tabora, anayeteka maji kisimani au lamboni, chujio lililoandikwa "nano" huzua maswali mawili: je, linasafisha kweli, na je, lenyewe halina madhara? Maswali yote mawili ni ya haki, na neno hilo peke yake halijibu hata moja.

Nano ni kipimo. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unene wa unywele mmoja wa binadamu hukaribia nanomita 80,000 hadi 100,000. Teknolojia ya nano hutumia chembe zenye ukubwa wa nanomita 1 hadi 100. Chembe ndogo kiasi hicho huwa na eneo kubwa la nje kuliko uzito wake, hivyo hunasa uchafu kwa wepesi. Udogo huohuo ndio chanzo cha wasiwasi, kwa kuwa chembe iliyo huru inaweza kupenya mahali ambapo chembe kubwa haifiki.

Tanzania ina mfano wake. Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio linalounganisha mchanga na chembe nano ili kuondoa bakteria, floraidi na metali nzito, kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 ubunifu huo ulishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Hatari hutegemea matumizi. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku titani dioksaidi kama rangi ya chakula, kwa kuwa usalama wake haukuweza kuthibitishwa. Hata hivyo, dutu hiyo iliendelea kuruhusiwa katika mafuta ya kujikinga na jua, ambayo hupakwa na hayamezwi.

Aidha, hofu ya kitu kipya isifunike hatari ya zamani. Maji maangavu yanaweza kubeba vimelea vya kipindupindu. Kuchemsha huua vimelea hivyo, lakini hakuondoi floraidi, ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa.

Kabla ya kununua chujio, mwananchi anashauriwa kuuliza mambo matatu: chembe zimeshikizwa imara au zinaweza kutoka pamoja na maji, chujio limethibitishwa kuondoa uchafu upi, na linapaswa kubadilishwa baada ya muda gani. Atafute pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kuhusu kupima maji ya kisima, ofisi ya wilaya ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) ndiyo mahali pa kuanzia, kwani chujio sahihi huchaguliwa baada ya uchafu kujulikana.