Bunduki Isafishwe na Kutiwa Mafuta Mara Ngapi?

Bunduki nyingi zinazojipakia risasi zenyewe huendeshwa kwa gesi ya baruti. Gesi hiyo huacha masizi ambayo, yasipoondolewa, huchanganyika na vumbi na kuikwamisha bunduki wakati askari wa wanyamapori wa kijiji anapoihitaji.

Kwa hiyo, bunduki isafishwe kila inapofyatuliwa, siku hiyo hiyo, hata kwa risasi moja. Isiyotumika ikaguliwe walau mara moja kwa mwezi. Ikinyeshewa, ikaushwe na kupakwa mafuta bila kusubiri kesho.

Mafuta yapakwe kidogo, kwenye sehemu zinazosuguana. Yakizidi hunasa vumbi, na yakibaki ndani ya mtutu huweza kuongeza msukumo kwa kiasi cha hatari. Mtutu ufutwe ukauke kabla ya kutumika.

Kabla ya kazi yoyote, mmiliki aelekeze mtutu mahali salama, atoe magazini, kisha avute bolti na kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Magazini hutoka, lakini risasi moja huweza kubaki chemba. Hiyo moja ndiyo iuayo nyumbani.